Ng'ombe Walikuwa Wao

Yasini Likwata alipostaafu jeshi alirudi kijijini kwao, si mbali na Pande, wilayani Kilwa, akiwa na bereti ya bluu ya Umoja wa Mataifa, goti linalouma akichuchumaa, na habari nyingi za Darfur. Alikuwa amekwenda huko mara mbili na kikosi cha kulinda amani. Mwenyewe alipoieleza kazi ile, haikuwa ya kupiga watu risasi. Alisindikiza magari ya maji. Aliwalinda wanawake waliokwenda kuchanja kuni. Na siku nyingine alisimama juani kutwa nzima kuwalinda wazee wa wafugaji na wazee wa wakulima waliokaa kwenye mkeka mmoja kuzungumzia visima na mashamba.

"Wakishakaa kwenye mkeka hawauani," alikuwa akisema, na watu waliyapenda maneno hayo. Wakampa jina la Mzee Umoja, ingawa hata miaka hamsini na mitano alikuwa hajafika.

Palipokuwa na jambo lolote la amani, aliitwa yeye. Msikitini, siku ya dua ya kuwaombea watu wa Kongo au wa Palestina, ndiye aliyesimama kueleza vita vikoje. Wafugaji wa Kisukuma walipohamia na ng'ombe wao kwenye mbuga iliyo upande wa magharibi, na malalamiko ya mashamba kuliwa yakaanza, kijiji kiliunda kamati ya usuluhishi, naye akawa mwenyekiti bila kupingwa. Alikuwa hodari kweli. Mara mbili aliwakalisha chini wakulima na Lukas, mfugaji aliyekuwa na boma kubwa kuliko wote, na mara zote mbili watu waliondoka wamepeana mikono.

Mwaka ule, mwezi wa tisa, serikali ilitangaza msamaha: mwenye silaha isiyo na kibali aisalimishe kabla ya mwezi wa kumi kwisha, hataulizwa kitu. Shule ya sekondari nayo ilikuwa inaadhimisha Siku ya Amani Duniani, na mgeni rasmi, kama kawaida, alikuwa Yasini. Asubuhi ya sherehe mtendaji wa kijiji, Bi Zakia, alimfuata nyumbani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nina ombi. Ukimaliza ya Darfur, niongezee maneno mawili ya magobore. Nikisema mimi watasema ni mambo ya serikali. Ukisema wewe watasikia."

Yasini akasema, na akasema vizuri. Wanafunzi walikuwa wamekaa chini, wazazi wamesimama nyuma yao. Alipofika kwenye magobore, mtu mmoja aliinua mkono. Alikuwa Klementi, Mmatumbi mwenye shamba linalopakana na la Yasini, mtu mpole aliyekuwa akienda kanisani kila Jumapili kwa baiskeli.

"Bwana Yasini," Klementi alisema, "hao wanaouana huko mbali tunawaombea, na Mungu atusikie. Lakini mimi nina gobore la marehemu baba yangu. Nalindia mahindi, nguruwe wasiyamalize. Tangu nizaliwe halijaelekezwa kwa mtu. Sasa nikilitoa, dunia ndiyo itapata amani?"

Watu wakacheka. Yasini hakucheka.

"Dunia ni kubwa, Klementi," alijibu. "Nimekwenda kuituliza mimi, na bereti hii kichwani, na nimerudi bado wanauana. Hiyo sitakudanganya. Lakini nyumba yako si kubwa. Unazijua pembe zake zote. Gobore likiwamo ndani, siku utakayopandwa na hasira mkono wako utalifikia kabla hujawaza. Nimeona watu wema wakiua kwa sababu silaha ilikuwa karibu. Mimi nawaomba hivi: kabla hatujaiombea dunia, kila mtu akatazame darini kwake."

Halafu mwalimu mmoja akaanza kupiga makofi, na wote wakafuata.

Wiki ile ile watu walianza kufika ofisi ya kijiji. Wa kwanza alikuwa Klementi. Hakulificha, alilibeba begani mchana kweupe, akalilaza mezani kwa Bi Zakia, akasema, "Mzee Umoja kanishinda." Mpaka mwisho wa mwezi wa kumi yalikuwa yamepatikana magobore kumi na moja, na gari la polisi likaja kuyachukua.

La Yasini halikuwamo.

Alikuwa nalo. Lilikuwa la mjomba wake, alilikuta shambani aliporudi kutoka jeshini, na lilikaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba, limeviringishwa ndani ya mkeka mkuukuu. Mkewe, Mwanaasha, alilijua. Jioni ya siku ile ya hotuba alikuwa akichambua mchele, akamuuliza bila kuinua uso:

"La kwetu utalipeleka lini, baba Nurdin?"

"Lile la kutishia nyani tu."

"Na la Klementi lilikuwa la kutishia nini?"

"Mama Nurdin, mimi nimefundishwa silaha. Hatari ni gobore lililo mikononi mwa mtu asiyejua."

Mwanaasha akaendelea kuchambua mchele. Yasini naye hakuwa amemaliza kweli yote. Kweli ni kwamba alikwisha kukusudia kulipeleka, lakini aliona haya. Apite nalo vipi katikati ya kijiji, yeye aliyewahutubia wenzake, watu waseme kumbe na Mzee Umoja alikuwa nalo? Akapanga alipeleke siku ya mwisho, ndani ya gunia, asubuhi mapema. Siku ya mwisho akapata mgeni. Kesho yake msamaha ulikuwa umekwisha, na kulipeleka ilikuwa ni kujipeleka mwenyewe. Akaliacha lilivyo.

Ikaja masika, ikapita. Mwezi wa sita ufuta ulikuwa umekatwa, umefungwa matita, na matita yamesimamishwa shambani yakauke. Mwenye kulima ufuta anajua wakati huo ulivyo wa wasiwasi: ukiutikisa tu, mbegu zinamwagika chini, na iliyomwagika huwezi kuiokota. Yasini alikuwa ameulima peke yake na mkewe, kwa goti lile lile bovu.

Saa mbili asubuhi, siku ya Alhamisi, alifika shambani akakuta ng'ombe ndani. Walikuwa zaidi ya thelathini, wamesambaa kati ya matita, wengine wanasugua shingo zao humo. Aliona matita yakianguka moja baada ya jingine. Alipiga kelele, akatupa madongo. Ng'ombe wakasogea kidogo wakaendelea. Hakukuwa na mchungaji aliyeonekana. Akapanda kwenye dungu.

Baadaye, mbele ya hakimu, aliulizwa alikuwa anawaza nini. Alijibu kwamba hakuwa anawaza. Gobore lilikuwa limeshindiliwa baruti na vipande vya nondo tangu siku za nyani. Alishuka nalo, akalenga chini, kando kidogo ya dume jekundu lililokuwa katikati ya matita, ili mlio uwakimbize wote, akafyatua.

Ng'ombe walitimka. Moshi ulipotawanyika akasikia mtu akiguna, mguno mfupi kama wa mtu anayenyanyua mzigo mzito.

Alikuwa Klementi. Alikuwa ameona ng'ombe akiwa shambani kwake, akaja kumsaidia jirani yake kuwafukuza, ameinama nyuma ya dume lile na fimbo mkononi. Paja lake la kushoto lilikuwa limechanika, damu imekwishalowesha kaptula yote.

Yasini alitupa gobore kwenye kichaka. Hilo alilifanya kwanza, kabla ya kukimbia kwa jirani yake, na ndilo ambalo miaka mingi baadaye bado lilimwamsha. Kisha akakimbia. Akavua shati akalifunga paja kwa nguvu, kama alivyofundishwa.

"Wamenipiga," Klementi alisema. Midomo ilikuwa imekauka. "Nimesikia mlio tu. Nani kanipiga, Yasini?"

"Usiseme. Tulia."

Akambeba mgongoni. Kutoka shambani mpaka barabarani ni mwendo wa nusu saa kwa mtu asiye na mzigo. Alimbeba na goti lake lile, bila kumtua hata mara moja, na waliokutana nao njiani wakakimbia mbele kuita pikipiki. Walipofika zahanati habari zilikuwa zimewatangulia: Klementi kapigwa bunduki, Mzee Umoja kambeba mgongoni toka shambani.

Muuguzi alimwingiza Klementi ndani, akapiga simu gari la wagonjwa lije kumchukua. Yasini akaketi kwenye benchi la nje, kifua wazi, damu ya mwenzake imemkaukia mgongoni. Antonia, mke wa Klementi, alifika anakimbia, khanga moja mkononi. Alimshika Yasini mikono yote miwili.

"Mungu akulipe, kaka yangu. Angefia shambani peke yake, mume wangu."

Yasini alifungua mdomo. Aliona wazi kwamba dakika ile ndiyo ilikuwa ya kusema, na kwamba ingepita. Antonia akakaa pembeni yake akalia, na dakika ikapita.

Watu walijaa. Akaja Bakary, kijana mwendesha pikipiki mwenye sauti kubwa, ambaye mahindi yake yalikuwa yameliwa na ng'ombe mwaka uliotangulia na akaambiwa na kamati avumilie. Alikuwa na wenzake kama ishirini.

"Mzee, shikamoo. Pole sana," alisema. "Wewe ulikuwepo. Ng'ombe wa nani walikuwa shambani?"

"Wa Lukas," Yasini alisema.

"Na aliyepiga?"

Yasini alitazama miguu yake.

"Mzee, ni wao?"

"Ng'ombe walikuwa wao," Yasini alisema.

Hakusema zaidi ya hapo. Hata neno moja la uongo hakulitamka, na alijua kabisa alichokifanya. Aliuona uso wa Bakary ukibadilika. Nyuso za namna ile alikwisha kuziona kule Darfur, na kule angeinuka akasimama mbele yao, mikono imenyooshwa, mpaka mtu mzima apatikane wa kuzungumza nao. Hapa alibaki benchini. Pikipiki ziliwaka moja baada ya nyingine, vijana wakapakizana watatu watatu, zikaondoka kuelekea magharibi. Bi Zakia siku hiyo alikuwa kwenye mkutano Kilwa Masoko. Hakuwapo mwingine wa kuwazuia isipokuwa mwenyekiti wa kamati ya usuluhishi.

Alikaa pale karibu saa nzima. Watu walimletea maji. Mzee mmoja alimpa shati lake. Antonia alimwomba amwombee Klementi, "kwa dini yako hivyo hivyo, Mungu ni mmoja," naye akainua viganja akaomba, na sauti yake mwenyewe ikamchukiza.

Ndipo Mwanaasha alipotokea. Hakumkimbilia, hakumpa pole. Alisimama mbele yake, miguu imejaa vumbi la shamba, akasema taratibu ili Antonia asisikie:

"Nimepita kwenye dungu. Mkeka umekunjuliwa."

Yasini akageuka kuangalia kama Antonia amesikia.

"Baba Nurdin. Wale vijana wamekwenda wapi?"

Yasini akatazama upande wa magharibi. Mwanaasha akaendelea kumtazama, bila hasira, kama mtu anayemtazama mgeni akijaribu kukumbuka aliwahi kumwona wapi.

"Ukiinuka sasa hivi utakwenda wewe," alisema. "Usipoinuka nakwenda mimi, na nitasema."

Akainuka.

Moshi aliuona kabla pikipiki aliyoikodi haijatoka kwenye mikorosho. Alipofika bomani vibanda viwili vilikuwa vimekwisha na cha tatu kinaungua. Vibuyu vya maziwa vilikuwa vimepasuliwa uwanjani. Mama mmoja mzee alikuwa amekaa chini kwenye jua, amekumbatia sufuria, na mke wa Lukas amesimama mbele yake na mtoto mgongoni. Lukas mwenyewe alikuwa amefungwa kamba kwenye mti wa zizi, jicho moja limefumba, damu inamtoka puani. Bakary alikuwa na fimbo.

"Sema bunduki umeificha wapi!"

"Sina bunduki," Lukas alisema. "Ng'ombe walitoroka alfajiri, nilikuwa nawatafuta. Sina bunduki."

Yasini alijipenyeza katikati yao. "Mwacheni. Mfungueni. Aliyepiga ni mimi."

Vijana walimtazama. Bakary akatikisa kichwa, karibu kwa huruma.

"Mzee, tunakuheshimu sana. Lakini leo usitafute amani kwa uongo. Unajitwika dhambi ya huyu ili yaishe, tunakujua."

"Nimepiga mimi, Bakary. Kwa gobore langu."

"Wewe huna gobore, mzee. Wewe ndiye uliyetufanya tukatoa yetu."

Hilo ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Ilimbidi abishane nao. Ilimbidi asimame mbele ya vibanda vinavyoungua awasihi watu waamini kwamba yeye ni mwongo. Mwishowe akawaambia watume wawili waende naye shambani, na wengine wasimguse Lukas mpaka warudi. Bakary akaenda mwenyewe. Yasini akaingia kwenye kichaka, akalitoa gobore, mdomo wake bado unanuka baruti, akampa.

Bakary alilishika kama kitu cha moto. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo Yasini hakuwahi kuisikia kwake:

"Sasa sisi tumefanya nini kule?"

Waliporudi bomani Bakary alimfungua Lukas kwa mikono yake, na vijana wengine wakaanza kumwaga maji kwenye kibanda cha tatu, ambacho hakikuwa na cha kuokoa tena. Yasini alikwenda mpaka alipokaa Lukas akapiga magoti, goti likalia. Akaanza kuomba radhi. Lukas hakumtazama. Aliyezungumza alikuwa mkewe, aliyekuwa amesikiliza kila kitu.

"Bunduki ililia asubuhi," alisema. "Hapa wamekuja saa nne. Wewe ulikuwa wapi?"

Yasini alisema, "Nilikuwa nimekaa."

Mwanamke yule alisubiri kama labda kuna maneno mengine yanakuja. Hayakuja. Akamnyanyua mama mkwe wake akamwingiza kivulini.

Alasiri ile Yasini alijipeleka kituo cha polisi na gobore ndani ya gunia. Bakary na wenzake walishtakiwa kwa kuchoma boma, nao kila mmoja alijibu la kwake. Yasini hakubisha lolote mahakamani. Hakimu alitaja utumishi wake, akasema angependa kuuzingatia, lakini kwa mtu kama yeye utumishi ule ulifanya kosa liwe zito zaidi. Akampa miaka mitatu. Mwanaasha alikuwa amekaa nyuma kabisa. Alimletea kandambili na mswaki, akamwambia Nurdin amepiga simu kutoka Dar es Salaam, anauliza kama ni kweli.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia ni kweli."

Alitoka baada ya miaka miwili. Lukas na watu wake walikuwa wamehama, wengine wakisema wameelekea Liwale, wengine zaidi ya hapo. Yasini alikwenda mpaka kwenye minada miwili ya ng'ombe kuwauliza na hakuwapata. Shuleni na msikitini hakuna aliyemwita tena kusema, na asingekwenda.

Kwa Klementi alikwenda siku ya tatu. Mguu haukukatwa, ila haukunjiki tena, na Klementi alikaa ameunyoosha kwenye kigoda kingine. Alimpokea, akamkaribisha kiti. Antonia aliitikia hodi kutoka ndani lakini hakutoka.

Yasini alisema yote aliyokuja nayo. Klementi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ile risasi nilikwishakusamehe," alisema. "Hukuniona. Nilijua tangu hospitali, nikamwambia padri, nikasamehe, ikaisha. Ila uliniacha nikakuuliza nani kanipiga, huku unanifunga paja, ukasema tulia. Mke wangu akakushukuru, ukapokea. Hayo, bwana Yasini, kila nikijaribu nashindwa. Sikufukuzi. Lakini usije kunitazama nikijaribu."

"Nimesikia."

"Haya. Wasalimie nyumbani."

Tangu siku hiyo Yasini huenda shambani kwa njia ya bondeni, ambayo ni ndefu, ili asipite uani kwa Klementi. Ufuta analima nusu ya zamani. Ng'ombe wameingia tena, wa wafugaji wengine, na aliwatoa kwa fimbo na kwa sauti, wakala waliyoyala.

Mwaka jana, wakati wa mavuno, walikutana pale njia mbili zinapoungana. Klementi alikuwa peke yake na baiskeli, gunia la ufuta limemdondoka kutoka kwenye keria, na kwa mguu ule hawezi kuinama akalishika. Yasini alisimama mbali kidogo, hajui asogee au arudi alikotoka. Klementi akamwona.

"Shika upande huo," alisema.

Wakalinyanyua pamoja, wakalifunga kwa mpira. Klementi akaukaza, akaujaribu kwa mkono, kisha akasema ahsante, kama anavyomwambia mpita njia yeyote, akasukuma baiskeli yake taratibu kuelekea nyumbani. Yasini alimwacha afike mbali kwanza, ndipo naye akaondoka.